Bikari ya fundi wa milango: shajara ya mradi wa kusoma ECG, Lamu

Oktoba 14

Mradi umeanza leo, na umeanza kwa aibu.

Juzi alfajiri aliletwa mzee wa Matondoni, fundi wa mashua, mkono kifuani. "Mwanangu, moyo wenda mbio tangu yana," akaniambia, "na mimi sikukimbia popote." Homa hana, hakuhara, hakutapika, presha nzuri. Tukampima ECG, kipimo kinachochora umeme wa moyo. Mashine yetu ikishatoa karatasi huandika na jibu lake juu kabisa, kwa herufi kubwa, na siku hiyo iliandika kwamba ni mwendo wa kawaida wa moyo, ila una kasi: mapigo 150 kwa dakika. Nje foleni ilifika uani. Nikaziamini herufi. Tukamtundikia dripu, tukamwambia apumzike, akarudi kwake na mashua ya adhuhuri.

Jana usiku wamemrudisha, miguu imevimba na hawezi kulala chali. Karatasi ya pili ikasema 150 tena.

Hapo ndipo nikashtuka. Moyo unaokimbizwa na homa, woga au kiu hupanda na kushuka. Mtu akilala utaona 135, akiketi 150, akipata maji ya kutosha anarudi 120. Huu ulikuwa kama saa ya ukutani. Nikapiga picha karatasi zote mbili, nikamtumia daktari bingwa wa moyo aliyeko Mombasa, ambaye hana deni lolote kwangu ila tabia njema. Akajibu: "150 kamili, mzee, ametulia kitandani. Hiyo ni flata mpaka unithibitishie kuwa siyo."

Ilikuwa flata, ugonjwa ambao vyumba vya juu vya moyo hukimbia mno kwa mpangilio mmoja. Ilikuwa flata tangu karatasi ya kwanza. Asubuhi hii mzee amevushwa Mokowe na gari limempokea ng'ambo.

Basi nafungua jalada. Karatasi 40 za mioyo iliyokwenda kombo, zilizopimwa hapahapa kwetu, majina yamekatwa kwa mkasi, kila moja na maelezo ya Kiswahili ambayo muuguzi wa zahanati ya kisiwani ataweza kuyasoma saa tisa usiku akiwa peke yake. Nimesema 40 kwa kuwa yatamkika vizuri. Hata 25 zitatosha.

Oktoba 21

Karatasi ya ECG ni kama kitambaa cha mirabaraba, na mtu asiyejua mirabaraba ile hana la kusoma. Mashine huikimbiza milimita 25 kwa sekunde. Kisanduku kidogo, milimita moja, ni sekunde 0.04, kikubwa, ambacho ni vidogo vitano, ni sekunde 0.2. Kwa hiyo dakika nzima ni visanduku vikubwa 300, na ukitaka kujua kasi ya moyo uliotulia kwenye mpigo wake, unahesabu visanduku vikubwa kati ya kilele na kilele, kisha unagawa 300 kwa idadi hiyo. Vinne ni 75. Vitatu ni 100. Viwili ni 150, na vilele vya mzee wa Matondoni vilikuwa vimeachana viwili barabara.

Hilo lilikuwa rahisi. Kazi ni kujua kama vilele vimepangana sawasawa, maana jicho hudanganywa. Wenzetu wa hospitali kubwa wana kipimo chenye miguu miwili ya ncha kali. Sisi hatuna. Nikakumbuka fundi wa nakshi nyuma ya nyumba yetu, anayechonga milango, na bikari yake ya chuma ambayo hupimia maua kabla hajayatia patasi.

"Waitakia nini?" akaniuliza.

"Kupimia moyo wa mtu."

Akanitazama kidogo, kisha akaniazima, na somo juu yake. Nilikuwa naiinua bikari yote na kuiweka mbele, nikidhani napima. Akanishika mkono. "Usiinue miguu yote miwili. Mmoja ukae, mwengine uzunguke. Ukiinua yote, ua la kumi halitalingana na la kwanza." Alikuwa akizungumzia mbao, na nimeliandika neno lake kwenye ukurasa wa kwanza wa jalada vilevile alivyolisema.

Usiku nikaketi na karatasi ya mzee. Nikafungua bikari kilele hadi kilele: visanduku viwili, haikosei hata mara moja. Kisha nikaifunga hadi nusu, kisanduku kimoja, nikaweka mguu mmoja juu ya kile kilima kidogo kinachotangulia kilele katika lidi ya II, mmoja wa mitazamo ya mashine. Mguu wa pili ukaangukia ndani ya mkia wa wimbi T, lile linalofuata kilele, na pale kwenye mkia palikuwa na kifundo ambacho siku ile nilikiona nikakidharau. Nikazungusha tena: kilima. Tena: kifundo. Kumbe vyumba vya juu vya moyo vilikuwa vikipiga mara 300 kwa dakika, umeme unazunguka chumba cha juu cha kulia kama punda wa kinu, na lango lililo kati ya vyumba vya juu na vya chini likipitisha mmoja katika kila wawili. Nusu ya 300 ni 150. Ukishayaona meno yale ya msumeno huwezi tena kutoyaona, na ndiyo maana yanakera.

Oktoba 29

Hasara. Zile karatasi 10 za mwanzo nilizitia ndani ya mifuko ya plastiki ili zisilowe, nikazipanga dirishani. Karatasi hizi hazina wino. Ni joto linalochora. Mbili zimekuwa nyeusi kama sufuria na nyingine zimefifia mpaka kilele kimebaki kama nywele ya mvi. Plastiki yenyewe nayo hula ile rangi. Kuanzia leo kila karatasi inapigwa picha saa ileile, inatolewa fotokopi, na ya asili inalala ndani ya bati la biskuti, gizani. Ya mzee ilisalimika kwa sababu ilikuwa mfukoni mwangu.

Novemba 6

Mkutano wa maneno. Tulikuwa watatu: mimi, sista mkuu wa wodi, na mwalimu wa sekondari aliyekubali kutusahihishia Kiswahili kwa malipo ya kahawa chungu na kashata.

Nilikuja na orodha ndefu ya maneno niliyoyaunda mwenyewe, na nilikuwa nimeyapenda. Sista aliifyeka. Nilitaka lidi ziitwe madirisha, kwa kuwa ni nyaya 10 lakini mitazamo 12, kama watu 12 wanaochungulia chumba kimoja kutoka pembe mbalimbali. "Madirisha uyaeleze," akasema, "lakini jina liwe lidi. Usiku mtu akinipigia simu akaniambia dirisha la tatu, nitadhani mgonjwa anataka kuruka." Lidi imebaki. Flata nayo imebaki, kwa kuwa kila neno la kupepea lilitupeleka kwenye bendera. Ushindi wangu ni mmoja: ule ugonjwa ambao vyumba vya juu havipigi bali vinatetemeka ovyo, tumeuita mpapatiko. Mwalimu aliuliza tofauti ya kupapatika na kutetemeka, sista akamjibu kwa mkono, akiutikisa kama kuku aliyekwisha kuchinjwa. Neno likapita.

Herufi P, Q, R, S na T, majina ya mawimbi ya mchoro (P ni kile kilima kinachotangulia kilele), hazikuguswa. Alizichagua Willem Einthoven, Mholanzi wa Leiden, mwaka 1895, na dunia nzima inazitumia. Mashine yake ya kwanza ilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi, ilihitaji watu watano kuiendesha, na mgonjwa alitia mikono na mguu ndani ya ndoo za maji ya chumvi ili umeme wa moyo upite. Mwalimu alifurahi sana kusikia habari za maji ya chumvi. Alisema basi Lamu nzima ni mashine. Mwaka 1905 Einthoven aliwapima wagonjwa wakiwa hospitalini huku yeye na mashine wako maabara, kilomita moja na nusu mbali, kwa waya wa simu. Nobel aliipata 1924. Kwa hiyo mimi na picha zangu za simu kwenda Mombasa tumechelewa zaidi ya miaka mia moja.

Novemba 12

Roli za karatasi zimeisha. Zinasubiriwa. Hakuna kipya.

Novemba 20

Karatasi namba 9, ambayo nimeiingiza jaladani kama kosa langu na ninataka kila mwanafunzi aione.

Kijana mzima, anapimwa kwa ajili ya kazi. Lidi ya I imepinduka, kila kitu kichwa chini. Lidi ya aVR, ambayo kwa kawaida hutazama chini, inatazama juu. Nikasisimka. Nikaandika kwa kalamu nyekundu: moyo uko kulia. Nilikwisha anza kumweleza kijana kwamba wapo watu walioumbwa hivyo na huishi miaka yao yote salama, na uso wake ulikuwa umepauka.

Sista akaichukua karatasi, akatazama nusu ya pili tu, lidi za kifuani. "Moyo ukiwa kulia, vilele vinapungua kutoka V1 kwenda V6. Hivi vinakua vizuri, kama ngazi." Akaenda kitandani akatazama nyaya. Nyekundu ilikuwa mkono wa kushoto, manjano mkono wa kulia. Nyaya nilizifunga mimi.

Tumepima upya, kijana ni mzima kama kigongo. Kwenye kuta za chumba cha kupimia sasa kuna karatasi: nyekundu mkono wa kulia, manjano wa kushoto, kijani mguu wa kushoto, nyeusi mguu wa kulia. Na chini yake sista ameongeza kwa mkono wake: "Kabla ya kuugeuza moyo, geuza nyaya."

Desemba 3

Mvuvi wa kamba, miaka 27, mapigo 190, vilele vyembamba na vimepangana kama shanga. Bikari haikupepesuka. P hazionekani kabisa, zimemezwa. Hapa umeme umepata njia mbili penye lango na unazunguka humo.

Nilitaka kujaribu kwa vitendo jambo nililokuwa nimelisoma tu. Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa 2015 ulionyesha kwamba namna ya zamani ya kumfanya mgonjwa ajikamue kwa pumzi iliwarudisha kwenye mwendo wa kawaida 17 katika kila 100, lakini ukimlaza upesi na kumwinua miguu baada ya kupuliza, wanarudi 43. Tukamketisha nusu wima, tukampa sirinji ya mililita 10, tukamwambia apulize mpaka kishindilio kisogee, sekunde 15. Huyu ni mtu anayezama kwa pumzi yake mwenyewe kutafuta kamba miambani; nusura akirushe ukutani. Kisha kichwa chini, miguu juu nyuzi 45, sekunde 15 nyingine, mashine ikiendelea kuchora.

Namba 12 ni karatasi hiyo. Shanga, shanga, shanga, kisha mstari mtupu mrefu uliomfanya sista aniangalie mimi badala ya mgonjwa, kisha P moja pweke, kilele, P, kilele. Mapigo 84. Mvuvi akauliza kama anaweza kuondoka na sirinji.

Desemba 15

Leo nimekaa na karatasi moja tu, namba 14.

Mama wa miaka 24 kutoka kisiwa cha Pate. Amebebwa kutoka gatini, hawezi kupanda ngazi. "Moyo wapotea ndia, kisha warudi," ndivyo alivyoeleza, na nimesoma maelezo mengi ya ugonjwa huu lakini hilo ndilo litakaloandikwa jaladani. Nilimshika kifundo cha mkono nikahesabu dakika nzima: 104. Sista akaweka stetoskopu kifuani dakika hiyohiyo: 138. Mapigo 34 yalikuwa yanapigwa moyoni lakini hayana nguvu ya kufika mkononi. Pengo hilo pekee lilikwisha tuambia.

Bikari ndiyo iliyonifurahisha, kama furaha ni neno lenyewe. Popote nilipoifungua, haikuangukia kilele cha pili. Nikaipanua, ikakosa. Nikaibana, ikakosa. Karatasi nzima, sentimita 25 ambazo ni sekunde 10, hakuna nafasi iliyojirudia kwa mpango wowote, na kati ya vilele hakuna P, mstari tu unaochemka kama maji yanayokaribia kutokota. Mpapatiko. Hapa hesabu ya 300 haina maana kwa sababu kila nafasi ina jibu lake. Unahesabu vilele vyote vya sekunde 10 unazidisha mara 6. Vilikuwa 23.

Lakini kwa nini mtu wa miaka 24? Mpapatiko kwa wazee hauna ajabu. Kwa kijana wa pwani yetu ninasikiliza vali, yaani milango ya moyo. Na ilisikika, ule mngurumo wa chini mgonjwa akilalia ubavu wa kushoto, vali ya mitrali, ile ya kati ya vyumba viwili vya kushoto, imebanika. Mama yake akakumbuka: utotoni mwanawe aliumwa koo mara nyingi, na mwaka mmoja magoti yakavimba yakihama, leo hili kesho lile. Koo la bakteria ya streptokoka lisilotibiwa, mwili unapigana nalo na baadaye unazigeukia vali zake wenyewe. Vali inabana pole pole. Chumba cha juu cha kushoto kinatanuka kwa kusukuma mlango usiofunguka. Na chumba kilichotanuka hupapatika. Karatasi ile ni mwisho wa habari iliyoanzia kooni.

Damu iliyotuama ndani ya chumba kinachopapatika huganda, na donge likiondoka huenda kwenye ubongo. Kwa hiyo anahitaji dawa ya kuzuia damu isigande. Nilikuwa nimefurahia zile dawa mpya zisizotaka vipimo vya kila mara, kwa kuwa kutoka Pate kuja kupimwa damu ni siku nzima na nauli. Bingwa wa Mombasa akanizuia. Utafiti uitwao INVICTUS, uliochapishwa 2022 na kuhusisha wagonjwa zaidi ya 4,500 wa moyo uliotokana na homa ya baridi yabisi, uliipambanisha rivaroksabani, mojawapo ya dawa hizo mpya, na dawa za zamani za jamii ya wafarini, na wafarini na wenzake wakashinda, hata kwa idadi ya vifo. Basi ni wafarini, kipimo cha INR, cha kuganda kwa damu, kati ya 2 na 3, na mchicha na kisamvu ale kwa kiasi kilekile siku zote, si bakuli leo na kesho asionje. Na sindano ya penisilini kila wiki nne ili koo lile lisirudi, ambayo anaiogopa kuliko yote. Rufaa ya kipimo cha picha ya moyo imetoka.

Mume alituuliza kama ni jini. Sista alimjibu kwa heshima kwamba hata kama yupo, sindano haimdhuru.

Desemba 28

Kaskazi imeshika. Nimepata mfano niliokuwa nautafuta tangu Oktoba, nikiwa nimesimama gatini nasubiri boti ya Mokowe.

Lango la moyo likichoka, kuna namna mbili za kupoteza pigo, na wanafunzi huzichanganya. Ya kwanza aliielewa daktari Wenckebach mwaka 1899, kabla ya mashine ya Einthoven kuwa kitu cha kawaida, kwa kufuatilia mapigo tu. Nafasi ya PR, yaani kutoka P hadi mwanzo wa kilele, inapaswa kuwa visanduku vidogo vitatu hadi vitano. Kwa Wenckebach inarefuka: vitano, saba, tisa, kisha P inakuja na kilele hakiji. Halafu inaanza upya. Ni boti inayochelewa kidogo, halafu zaidi, halafu zaidi, halafu siku moja haiji. Umekwisha onywa. Mara nyingi mtu huyu unamfuatilia tu, na unaangalia dawa alizopewa.

Ya pili, ya daktari Mobitz, aliyeieleza 1924, ni boti inayofika kwa wakati wake kila siku, dakika haipungui haizidi, na siku moja haiji bila salamu. Hiyo ndiyo ya kuogopa. PR haikurefuka hata chembe, kilele kikakosekana. Lango limeharibika chini zaidi, na kesho huenda lisipitishe hata kimoja. Huyu anahitaji betri ya moyo na anahitaji safari, hata kama anakwambia hajambo.

Mzee aliyekuwa karibu nami akaniuliza nacheka nini. Boti ilikuwa imechelewa dakika arubaini.

Januari 17

Karatasi mbili, zimefanana kwa mbali, nimezibandika uso kwa uso ili zitishe.

Namba 21: babu mwenye mkono unaotetemeka. Mashine imeandika onyo kubwa la mapigo ya hatari. Mawimbi mapana, ya haraka, kama bahari ya kusi. Lakini babu anasimulia habari za jahazi la baba yake huku anapimwa. Weka bikari: ndani ya fujo ile kuna vijimwiba vinavyotokea kwa nafasi sawasawa, 72 kwa dakika, na kidole kwenye mkono wake kinasema 72. Moyo uko sawa. Mkono ndio uliochora. Tulimwambia aikalie mikono yake, tukapima tena, karatasi safi.

Namba 22: bwana wa miaka 58 aliyewahi kupata shambulio la moyo mwaka uliopita. Mapigo 170, vilele vipana, visanduku vidogo vinne na zaidi, vimepangana. Naye anazungumza. Mashine imeandika kwamba chanzo ni vyumba vya juu, si hatari. Hapa ndipo watu huponzwa, kwa kuwa mgonjwa anaongea. Vilele vipana, vya haraka, kwa mtu mwenye kovu la moyo, ni vya vyumba vya chini mpaka pawe na ushahidi wa kinyume, na anayempa verapamili, dawa ya mbio za vyumba vya juu, huenda akamuua. Nilipitisha bikari nikaona P zikitembea kwa mwendo wao wa pole, hazijali vilele, kama watu wawili wanaopita uchochoro mmoja bila kusalimiana. Na mahali pamoja kilele kimoja chenye sura ya kati, nusu chembamba nusu kipana, ambapo pigo la juu na la chini zilikutana. Ushahidi mara mbili, lakini presha ilikwisha anza kushuka na hatukukaa kuushangilia. Tulimpa dawa ya usingizi, tukampiga shoti ya umeme iliyofungwa ianguke juu ya kilele na si juu ya T, kwa maana juu ya T huweza kuvifanya vyumba vya chini vipapatike visisukume damu. Alirudi kwa ya kwanza. Alipoamka akasema ndoto yake imekatizwa.

Ninarudia kwa wote wanaosoma jalada: kidole mkononi mwa mgonjwa kabla ya jicho kwenye karatasi.

Februari 9

Darasa la kwanza. Wauguzi tisa, wengine wamefika kwa boti tangu jana, kutoka Faza, Kiunga, Kizingitini. Tulianza bila karatasi. Niliwaambia wafumbe macho nikapiga meza kwa vidole: mwendo wa kawaida, Wenckebach, mpapatiko. Mpapatiko muuguzi mmoja alisema ni mvua inapoanza juu ya mabati, tone, matatu, moja, manne, hujui lini lifuatalo. Nimefuta maelezo yangu ya aya mbili na kuandika hilo.

Mtihani wa mwisho: karatasi nane, na majibu ya mashine tumeyaziba kwa plasta. Wenye majibu yaliyozibwa walifanya vizuri kuliko kundi tulilosahau kuwazibia. Ya mzee wa Matondoni waliipata saba kati ya tisa. Mzee mwenyewe yuko hai, amerudi kazini, ametuma salamu na papa mkavu.

Lalamiko lao moja: bikari. Ni moja, na ni ya watu.

Machi 2

Jalada lina karatasi 31. Nalifunga hapo.

Fundi amekuja mwenyewe kudai bikari yake, amepata oda ya mlango wa mbao mbili na hawezi kuanza maua bila hiyo. Nilimrudishia na kilo moja ya sukari. Aliikagua ncha zake kwa kidole gumba, akasema tumeinoa kwa karatasi kuliko yeye alivyoichakaza kwa mbao.

Tulikwisha waonyesha wauguzi njia ya maskini: chukua ukingo wa karatasi yoyote, uweke chini ya mchoro, tia alama ya penseli kwenye kilele na kinachofuata, kisha sogeza ukingo na uone kama alama zinaangukia pahala pake.

Saa saba na robo mchana huu imeingia picha kutoka Faza. Mchoro uko juu ya meza ya mbao, na chini yake ukingo wa jalada la daftari la mtoto wa shule, bado lina nusu ya picha ya simba, na alama sita za penseli. Ujumbe: "Daktari, shikamoo. Mama, miaka 66, ameanguka jikoni mara mbili. Alama ya nne haina kilele. P ipo. PR kabla yake ni ileile, nimepima mara tatu. Anasema hajambo na anataka kwenda kuanua dagaa. Nimfungie safari?"

Nimemjibu: mfungie. Boti imeondoka Faza saa nane kasoro kumi.